Nilimsingizia mwanangu, kumbe kompyuta ilikuwa inaumwa

Kompyuta yetu ya mezani inakaa kwenye kona ya sebule, kati ya friji na dirisha. Niliinunua miaka minne iliyopita ikiwa imeshatumika, kwa mtu aliyekuwa anahama. Kwangu ni jembe, wala si pambo. Nachapa kazi za watu: barua, risala, mihtasari ya vikao vya vikoba, na msimu ukifika, tasnifu za wanafunzi wa vyuo hapa Morogoro. Jioni watoto nao wana zamu yao. Kwa hiyo kompyuta hiyo ikikohoa, nyumba nzima inasikia.

Ilianza kukohoa Jumanne moja jioni. Nilikuwa nachapa sura ya tatu ya kazi ya mteja, kioo kikawa cheusi ghafla. Feni ikanyamaza. Baada ya sekunde chache ikajiwasha yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, kwa hiyo umeme haukuwa umekatika. Kurasa tisa ambazo sikuwa nimezihifadhi zilikwenda na maji.

Alhamisi ikarudia. Jumamosi natoka sokoni na kapu kichwani, nafungua mlango, namkuta kijana wangu wa kidato cha pili amekaa mbele yake, gemu la mpira linacheza, na mbele ya macho yangu kioo kikawa cheusi.

Wazazi wenzangu, nilihisi nimemkamata mwizi. Sikuuliza. Nilitua kapu nikaanza kusema, na wenzake wawili wa jirani walikuwa wamekaa pale kwenye mkeka. Nilimwambia yeye ndiye anayetaka tufe njaa. Nilimwambia kompyuta ile ndiyo ada yake na sare yake, na yeye anaimaliza kwa magemu. Akasema, "Mama, siyo mimi." Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza kweli, na wenzake wakatoka mmoja mmoja huku wanaangalia chini.

Adhabu niliyompa ni kutoigusa kompyuta mpaka shule zifungwe. Baba yake aliporudi jioni akaongeza maneno yake. Kesi ikawa imekwisha.

Ajabu ni kwamba kompyuta iliendelea kuzima. Mtoto haigusi, nayo inazima. Lakini mtu akishatoa hukumu moyoni, haoni tena ushahidi. Nikajiambia, "Ndiyo hao virusi aliowaacha."

Fundi wa kwanza

Nikaibeba hadi mjini kwa fundi. Aliiwasha saa 4 asubuhi, ikakaa nusu saa bila tatizo. Akaniuliza nyumbani nani anaitumia. Nilipotaja kijana na magemu, akatikisa kichwa: "Ni virusi hao, mama. Inabidi tuifute yote, tuweke Windows upya." Akauliza kama kuna vitu muhimu. Nikamwonyesha folda zangu za kazi, akazihamishia kwenye flashi. Nikalipa Sh30,000.

Jioni ile kijana alipoona kioo kimekuwa kipya, aliuliza kwa sauti ndogo: "Mama, na folda yangu?" Sikujua kama ana folda. Alikuwa na nukuu zake za Biolojia na Historia alizozichapa mwenyewe, na hadithi aliyoanza kuitunga tangu darasa la saba. Imefika sura ya sita, na mimi mama yake sikuwahi kujua kwamba anaandika. Jibu nililompa bado linanichoma. Nilimwambia, "Umeyataka mwenyewe."

Siku ya tatu kompyuta ikazima tena. Nikarudi kwa fundi. Safari hii hakuifungua hata mfuniko, alisema mazabodi imekufa, niandae Sh180,000. Mume wangu akasema tusubiri, mdogo wangu anakuja likizo.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Kijana alikuwa anaamkia, anakula, anatoa vyombo, anakwenda chumbani. Hakuwa na kiburi wala hakununa. Aliacha tu kuongea nasi. Nami kwa ujinga wangu nikaona adhabu inafanya kazi.

Daftari

Mdogo wangu anaangalia maabara ya kompyuta ya shule moja ya sekondari huko Iringa. Alifika Jumapili, na baada ya chakula akavuta kiti mbele ya mgonjwa. Nilitegemea atauliza bisibisi. Akauliza swali: "Dada, huwa inazima lini?"

Nikamjibu haraka: "Wakati wowote. Tangu huyu mpwa wako aijaze magemu."

Kijana alikuwa mlangoni. Hakunijibu mimi. Alikwenda chumbani akarudi na daftari la kurasa 40, akampa mjomba wake kwa mikono miwili. "Shikamoo Mjomba. Nimeandika humu."

Alikuwa amechora safu tano kwa rula. Tarehe. Saa. Aliyekuwa anatumia. Alichokuwa anafanya. Safu ya mwisho iliandikwa: "Kitu kingine kilichokuwa kinaendelea nyumbani." Zile siku asizokuwepo alikuwa akimuuliza mdogo wake wa kike. Wiki tano nzima, wakati mimi nadhani amekata tamaa, mtoto alikuwa anajitetea kwa kalamu.

Kompyuta ilikuwa imezima mara 17. Mara 12 nilikuwa natumia mimi. Mara tatu dada yake. Mara moja hakukuwa na mtu kabisa, tulikuwa uani tunakula. Na mara moja tu, ile Jumamosi, alikuwa yeye.

Mdogo wangu hakusema kitu juu ya hilo. Alikuwa anaangalia safu ya saa. Mara 15 ilikuwa kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Zile mara mbili za mchana, kwenye safu ya mwisho kijana aliandika: "Fundi wa mageti anachomelea." Na zile za jioni, karibu nusu ameandika: "Friji imeanza kuunguruma," au "Mama anapiga pasi."

"Nani kakufundisha hivi?" mjomba akamuuliza.

"Mwalimu wa Fizikia. Alisema usipoandika, hujaona."

Kumpima mgonjwa

Nitaeleza walivyofanya, maana nilikaa pale nikaangalia hatua kwa hatua, na naamini itamsaidia mzazi mwingine asiyejua lolote, kama nilivyokuwa mimi.

Kwanza hawakugusa msumari hata mmoja kabla ya kunakili kazi zangu zote kwenye flashi, na nakala nyingine kwenye simu ya mume wangu. Mdogo wangu alisema kompyuta inayozima ovyo inaweza kuharibu faili wakati wowote, kwa hiyo okoa mali kwanza, ugonjwa utafuata.

Kisha wakachomoa waya wa umeme ukutani, wakatoa ubavu wa kasha. Vumbi lililotoka pale lingejaza kikombe. Walilisafishia nje kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, huku kijana ameshikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Mjomba akammulikia tochi zile kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi: "Angalia vichwa vyao. Vikiwa vimevimba au vinatoka ute, hapo pana ugonjwa." Vyote vilikuwa bapa.

"Basi vumbi ndilo lililokuwa linaizima," nikasema.

"Inawezekana," akajibu. "Joto huzima kompyuta. Lakini tupime, tusikisie."

Wakaiwasha, na kabla Windows haijaanza wakabonyeza kitufe cha kuingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa maandishi matupu unaosimamia vifaa. Pale pameandikwa joto la prosesa. Ilikuwa nyuzi 40 na kitu. Aliniambia prosesa nyingi hujizima zenyewe kujiokoa zikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo yetu haikuwa na homa. Wakaiacha hapohapo kwenye bayosi, tukaendelea na mazungumzo.

Saa 12:40 jioni, friji ikanguruma, na kioo kikawa cheusi.

Mdogo wangu akatabasamu. "Dada, Windows ilikuwa haijaamka. Gemu halijaamka. Sasa nani kazima?"

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alichomoa umeme, akaitoa diski, lile sanduku dogo la chuma linalotunza kila kitu, akaliweka mezani juu ya kitambaa. Akaiwasha kompyuta bila diski, akairudisha kwenye bayosi. Tukasubiri. Saa 1:20 usiku ikazima tena.

"Kirusi anayeletwa na gemu anakaa kwenye diski," akasema. "Na diski ni hii hapa."

Niliangalia ile diski juu ya kitambaa changu cha kudarizi, nikamwangalia mwanangu. Yeye hakuniangalia. Alikuwa anaandika saa kwenye daftari.

Hatua iliyofuata ilikuwa RAM, vile vibao virefu vyembamba. Vyetu ni viwili. Walivitoa, wakasugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, wakarudisha kimoja, wakapima, wakatoa, wakaweka cha pili. Bado ilizima. Mjomba akaeleza kwamba RAM mbovu mara nyingi huleta kioo cha bluu chenye maandishi, tena kila siku sababu tofauti, au kompyuta hupiga milio na kukataa kuwaka. Haizimi kwa kukata kama kisu. Hata hivyo, usiku walipolala walirudisha diski na kuiacha ijipime kumbukumbu kwa kile kipimo kilichomo ndani ya Windows yenyewe. Asubuhi jibu lilikuwa: hakuna tatizo.

Wamebaki watuhumiwa wawili: umeme wa nyumba na pawa saplai, lile boksi la ndani lenye feni yake, ambalo waya wa ukutani huingia.

Mdogo wangu alikuwa na kile kipimo cha umeme chenye waya mwekundu na mweusi. Asubuhi kwenye soketi yetu alipata volti 228, karibu kabisa na 230 zinazotakiwa nchini kwetu. Jioni, wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi, alipata 184, na friji ikianza namba inashuka zaidi kwa kufumba na kufumbua. Nilielewa sasa kwa nini kwa fundi mjini, saa 4 asubuhi, mgonjwa alionekana mzima.

Lakini hakuishia hapo. "Kompyuta za watu wengine mtaani nazo zinapata umeme huuhuu," alisema. "Mbona hazizimi?" Akaazima pawa saplai ya aina ileile kutoka kompyuta ya jirani iliyovunjika kioo. Wakaifunga. Jioni ile tukaifanyia kusudi: friji imewashwa, pasi imewashwa, kuanzia saa 12 mpaka saa 4 usiku. Haikuzima. Kesho yake akarudisha ya zamani, jioni haikumaliza nusu saa. Akaweka ya jirani tena, ikatulia. "Nikijaribu mara moja ni bahati," alimwambia mpwa wake, "nikijaribu tena jibu likawa lilelile, nina neno la kusema."

Ndiyo ilikuwa pawa saplai. Kazi yake ni kupokea volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo vifaa vya ndani vinakula. Mjomba alilifananisha na tangi la maji juu ya paa. Maji ya bomba yakipungua kidogo, tangi zima linakufikisha mpaka yarudi. Tangi lililozeeka na kuvuja, bomba likikoroma mara moja tu, jikoni pakavu. Letu lilikuwa limezeeka kwa miaka ya umeme wa kupanda na kushuka, vumbi, na kuchomekwa kwenye ekstensheni moja na friji.

Pawa saplai nyingine tulinunua Sh55,000. Mazabodi niliyoambiwa imekufa ndiyo hiyo ninayochapia makala haya.

Kwa mzazi mwenye kompyuta nyumbani

Nimeomba nipewe mambo machache ya kukumbuka, nami nayaweka hapa kwa lugha yetu ya nyumbani.

Ikizima ghafla kama taa, fikiria umeme, pawa saplai au joto. Ikileta kioo cha bluu chenye sababu tofauti tofauti, fikiria RAM. Ikiwa nzito kupita kiasi, inachelewa kufungua faili na unasikia "tik, tik" ndani, fikiria diski, na hapo usisubiri kesho, nakili vitu vyako leo. Kama tarehe inarudi miaka ya nyuma kila unapoiwasha, mara nyingi ni betri ndogo ya duara kwenye mazabodi, inaitwa CR2032, na bei yake ni ndogo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikapona, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na utakuwa umelipia vyote.

Pawa saplai usiifungue, wala mtoto asiifungue, hata kama imechomolewa. Ndani yake hubaki umeme unaoweza kumdhuru mtu. Inabadilishwa nzima.

Kompyuta ipewe soketi yake, mbali na friji na pasi. Ukiweza, weka UPS au stabilaiza.

Na fundi akikwambia kifaa fulani kimekufa, mwulize kwa upole: umejuaje? Fundi mzuri hachukii swali hilo.

Kipande cha kuku

Limebaki la kwangu.

Sisi tulilelewa na wazazi ambao hawakuomba msamaha kwa mdomo. Mama yangu akikuchapa kimakosa, jioni unakuta firigisi kwenye sahani yako, na unajua yameisha. Nami nilifanya hivyohivyo. Jumanne nilichinja kuku, nikasonga na chapati, nikamwekea kijana wangu firigisi na paja. Alikula. Akasema ahsante Mama. Akatoa vyombo, akaenda chumbani. Hakuna kilichobadilika.

Usiku sikulala vizuri. Nilifikiria ile Jumamosi na wale watoto wa jirani wakitoka huku wanaangalia chini. Nilimwaibisha kwa maneno, tena mbele ya watu. Nyama ingewezaje kuyafuta?

Jumatano jioni wale rafiki zake walikuja kumchukua kwenda uwanjani. Niliwaomba wakae kidogo. Nikamwita na dada yake. Baba yao alikuwa anasoma gazeti, akalishusha. Mdogo wangu alikuwepo. Nikasema, na sauti ilinitetemeka kuliko nilivyotarajia: "Siku ile nilisema mwanangu ameharibu kompyuta. Haikuwa kweli. Hakuiharibu. Yeye ndiye aliyetusaidia kujua inaumwa nini. Nilisema maneno mabaya mbele yenu, na vitu vyake vimefutwa kwa sababu yangu. Mwanangu, nisamehe."

Ukimya ulikuwa mrefu. Nilidhani atalia, au mimi nitalia. Baba yake akakohoa, akasema, "Na mimi pia." Kwa mume wangu, hiyo ni hotuba.

Kijana alikuna kichwa. "Sawa Mama. Imeisha." Halafu, kama vile lilikuwa linamsubiri mdomoni siku zote: "Ile hadithi, sura ya kwanza naikumbuka."

Mdogo wangu alijaribu kuirudisha kwa programu ya kuokoa faili, lakini Windows mpya ilikuwa imeshaandikwa juu yake. Alipata vipande vya nukuu za Historia tu. Hadithi imepotea. Kila jioni nikishamaliza kazi zangu, namwachia kiti naye anaichapa upya kutoka kichwani. Anasema sura ya pili safari hii imekuwa nzuri kuliko ya mwanzo. Mimi sijui, hajaniruhusu kusoma bado, na sijamlazimisha. Ninachokiona ni kwamba kila akimaliza ukurasa anachomeka flashi na kunakili, na kompyuta haijazima.

Lile daftari nimeliomba, akanipa. Liko kwenye droo ya meza, juu ya risiti zangu. Siku ninapokaribia kumwambia mtu wa nyumbani mwangu "wewe ndiye", nalifungua kwanza na kuangalia ile safu ya saa iliyochorwa kwa rula.